Kipande Ambacho Sikukitembea

Baba,

Naandika nikiwa ndani ya gari, Jeddah, kwenye maegesho ya chini ya duka kubwa. Madam ameingia kununua mapazia. Amesema dakika ishirini, maana yake saa mbili. Daftari lako liko hapa kwenye kiti cha abiria. Limeletwa na Rehema, mama wa Mombasa anayefanya kazi ndani ya nyumba hii ninayoiendeshea gari. Alikuwa likizo nyumbani, na Jumatatu bosi akanituma nikamchukue uwanja wa ndege. Kabla hata sijabeba sanduku lake alifungua mkoba akalitoa. "Dadako kaniambia nikupe wewe mwenyewe mkononi, nisimpe mtu." Nikalipokea, nikaliweka kwenye dashibodi, nikaendesha hadi nyumbani kwa bosi, mtaa wa Al-Rawdah. Rehema naye ana akili, hakuniuliza.

Leo ni Alhamisi. Nimelisoma lote isipokuwa kurasa za mwisho, zile za tangu nilipoondoka nyumbani. Hizo nimezibana kwa klipu ya karatasi. Ninachotafuta humo ni kitu kimoja tu: nijue kama ulikufa ukijua kwamba nilikudanganya.

Usifikiri naandika huku machozi yananitiririka. Sijalia, baba. Mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu dada Mwikali anipigie simu kwamba umefariki, na sijalia hata siku moja. Nimekufa ganzi. Nakula, nalala, naosha gari, nampeleka mtoto wa bosi shule, namrudisha. Wananiita Musa kwa sababu Musyoka imewashinda, na mimi naitika. Barasa, yule jamaa wa Bungoma niliyekuwa naye Riyadh, sasa yuko huku kusini mwa mji, Al-Mahjar, na Ijumaa huwa naenda kwake tukasonge ugali. Ananiambia, "Wewe utalia siku moja ukiwa highway, utuue watu." Labda.

Barua hii naiandika wazi. Nikimaliza nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa nimtumie Mwikali, na yeye aisome mbele ya kamati yenu ya abiria na wakazi wa kota za reli, wale wale waliokuwepo siku ile ya mkutano. Wewe huwezi kuisikia, najua. Wao watasikia.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu kuna wajumbe wapya ambao hawakukujua ukiwa kazini.

Kila asubuhi ulitoka kota na nyundo ya mpini mrefu begani, spana kubwa na bendera mbili mkononi, ukatembea kipande chako cha reli, kutoka daraja la mto hadi stesheni. Wakati wa likizo za shule ulinichukua. Ulitembea katikati ya reli, hatua yako ikilingana na mataruma, yale magogo ya mbao ambayo chuma kimelalia, na mimi nilikuwa naruka ruka kokoto nyuma yako kwa sababu miguu yangu haikufika kutoka taruma moja hadi lingine. Kila chuma kilipoungana na kingine uligonga na kusikiliza. Mimi nilisikia kitu kile kile kila mara. Wewe ungegonga, utembee, ugonge, usimame, urudi, upige goti, ukaze nati. "Umesikia?" uliniuliza. "Nimesikia," nilisema. Ulitabasamu, ukijua sijasikia kitu.

Ukifika stesheni uliingia ofisini, ukafungua kitabu kikubwa kilichofungwa kwa uzi kwenye meza, ukaandika kipande, saa na hali, kisha ukatia sahihi. Sahihi yako ilikuwa na mstari chini, na mstari huo uliuvuta polepole kuliko jina lenyewe. Bila sahihi hiyo treni ya asubuhi haikuruhusiwa kupita.

Kuna ile siku ya homa. Mwikali anaikumbuka pia. Ulitetemeka usiku kucha, asubuhi mkuu wa stesheni akatuma mtu aje na kitabu hadi nyumbani, kitu ambacho hakijawahi kufanyika. Alikuja nacho kifuani akasema, "Mzee Kilonzo, jana kipande kilikuwa sawa, leo kitakuwa kimeharibikia wapi? Tia sahihi tu, watu wamejaa." Ulimtazama. Ukashuka kitandani, ukavaa viatu juu ya miguu mitupu, ukaniambia nibebe nyundo. Tulitembea kipande chote, wewe ukitapika mara mbili kando ya njia. Treni ikangoja. Tulipofika stesheni abiria walitutukana kupitia madirishani, mama mmoja akasema mzee huyu amelewa. Niliona aibu, baba. Nilitamani ardhi inimeze. Na hakukuwa na nati hata moja iliyolegea siku hiyo, zote zilikuwa zimekaza.

Njiani kurudi nikakuuliza kwa nini hukusaini tu. Ulisema, "Hujatembea, husaini." Ndiyo hotuba yote niliyopata.

Ulipostaafu reli ilikuwa imezeeka kuliko wewe. Mataruma yalikuwa yameoza, mengine yameshikiliwa kwa waya, na treni ya abiria ilipita kipande chako cha zamani polepole hivi kwamba mtu angeweza kushuka, anunue mahindi ya kuchoma, apande behewa la nyuma. Uliposikia watu wa mipango wanataka maoni ya wananchi kuhusu namna ya kupata pesa za kuitengeneza, ulinunua daftari hili. Nakumbuka jalada lake la kijani likiwa jipya. Ukaanza kuandika mapendekezo, na pembeni mwa kila pendekezo uliweka maneno ya kazini: nimetembea, au sijatembea. Lile ulilokuwa umeenda kuliona kwa macho ulitia sahihi. Lile ulilosikia tu uliliacha bila.

Nimeyasoma wiki hii, nikiwa namngoja mtoto wa bosi shuleni. Kuna pendekezo la kupandisha nauli, na chini yake umeandika kwamba ulipanda treni siku tano mfululizo, ukaongea na watu, na ukaona waliomo ni wale ambao nauli ikipanda kidogo tu wanaanza kwenda kazini kwa miguu. Umeweka sahihi. Kuna pendekezo la kuuza ardhi ya kota: umeizunguka yote, umeandika majina ya familia, na umesema ardhi huuzwa mara moja lakini mataruma huoza kila mwaka. Sahihi. Kuna kurasa tatu kuhusu landilodi wenye nyumba na maduka karibu na stesheni. Ulihesabu milango. Ukauliza kodi ya chumba dakika tano kutoka stesheni, ukauliza ya chumba dakika arobaini. Ukaandika kwamba tofauti hiyo imeletwa na treni, wala landilodi hakuitolea jasho, kwa hiyo arudishe kidogo kwa reli kila mwaka, na pesa hizo zifungiwe mahali pake, zisiguswe kwa kazi nyingine. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwako. Na kwenye kona umeandika maneno ambayo ulizoea kuyasema mezani hadi mama akachoka: "Reli mpya hukatiwa utepe. Nati hakuna anayeikatia utepe."

Ulihitaji mfano. Watu walikuambia, "Mzee, hilo limefanyika wapi?" Nawe ukasema kwamba mwanao yuko Riyadh, anajenga reli ya mji.

Sasa nifike huko.

Ajenti wa Nairobi aliniambia kazi ni fundi wa reli. Ulikuja uwanja wa ndege umevaa tai. Ulimshika mkono ajenti ukamwambia, "Babu yake alikuwa reli, mimi reli, huyu ni wa tatu." Ajenti akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku anaangalia simu. Wiki moja baadaye, Riyadh, msimamizi alinipa shati la bluu, kofia na filimbi. Nikamwonyesha mkataba. Akautazama kama risiti ya jana. "Reli mafi," akasema, yaani reli hakuna. "Wewe lango." Kwenye ikama, kibali changu cha kuishi huko, waliandika haris, yaani mlinzi. Nilikuwa soja, baba. Soja wa lango la pili, kwenye uwanja wa kuhifadhia vifaa, mtaa wa Malaz. Nilikuwa na kiti cha plastiki, mwavuli uliochanika, na daftari la kuandika malori yanayoingia na kutoka.

Ningekuambia siku ile ile, ungesema pole, na mambo yangeisha. Lakini niliwaza ile tai. Ijumaa ya kwanza ulipouliza, "Wamekuweka wapi?" nikasema, "Kwenye reli, baba." Nilikuwa mita mia mbili kutoka kwenye reli zilizolazwa chini zikingoja kazi. Nikajiambia si uongo sana.

Kisha ukataka picha. Barasa aliazima helmeti na nyundo kwa Mpakistani mmoja wa gengi la kulaza reli, nikaenda nikasimama kando ya reli zile, nikashika nyundo, nikakunja uso kama mtu aliyechoka. Mwikali akaniambia umeiweka kwenye fremu, umeitundika karibu na picha ya babu.

Maswali yako yakaanza hapo. Kila Ijumaa lilikuwa jipya. Mataruma ya huko ni ya mbao au ya zege? Njia moja imekaa mbali kiasi gani na nyingine? Nani anakagua? Nilikuwa najibu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Mengine nilibahatisha, mengine nilisema nitaangalia, halafu sikuangalia. Kulikuwa na injinia mmoja Mhindi aliyepita langoni kwangu asubuhi na jioni, mtu mpole, kila siku akiniambia "Salaam, Kenya." Ningemsimamisha dakika mbili tu. Sikumsimamisha. Joto lilikuwa kali, na mimi nilishajizoesha kutotaka kujua kitu chochote kuhusu reli ile ambayo hawakuniruhusu kuigusa. Nilikuwa na hasira nayo. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa na hasira.

Halafu ile Ijumaa ukaniuliza, "Huko nani analipa? Na ikizeeka, nani atalipia kuitengeneza?"

Nikaangalia mbele yangu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na safu ya maduka. Nikasema, "Maduka, baba. Kila duka lililo karibu na stesheni linalipa kitu kila mwaka. Wanakiweka kando kwa matengenezo."

Nilisikia ukivuta pumzi. Ukasema, "Umeliona hilo kwa macho?"

"Nimeliona."

Ilikuwa rahisi sana. Nilijua ndicho ulichotaka kusikia, nikakupa, kama mtu anavyompa mgeni kiti. Na sauti yako ilivyochangamka, nikafurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi wiki nzima.

Mkutano ukafika. Yaliyotokea nilisimuliwa na Mwikali, alikuwa ameketi karibu nawe. Ulisimama na daftari, ukasoma vizuri, watu wakapiga makofi kwa lile la nauli. Ulipofika kwenye maduka ya Riyadh, bwana mmoja wa mipango, wa suti, akainua mkono. Akasema kwa adabu kwamba amefika Riyadh. Akasema reli ile haijabeba abiria hata mmoja, bado wanachimba, na hakuna duka lolote linalolipa ada yoyote, pesa zote zinatoka serikalini, kwenye mafuta. "Mzee wetu labda amesikia vibaya," akasema. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, Mwikali anasema, walicheka tu. Wewe ukasema, "Mwanangu yuko huko. Yeye ndiye anayeiweka." Ukakaa. Na baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena landilodi wala milango uliyohesabu, kwa sababu kila mara mtu alipotaja, mwingine alisema "kama Riyadh," na kicheko kikaanza upya. Kurasa tatu za kazi yako zikafa kwa sababu ya sentensi yangu moja.

Ulinipigia kesho yake, siku ambayo si Ijumaa. Uliuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Ukauliza kuhusu joto. Halafu ukasema, "Ile habari ya maduka. Uliitembea?"

Mwikali alikuwa ameshanipigia. Nilijua kila kitu. Mlango uliufungua mwenyewe, baba, ulikuwa wazi kabisa mbele yangu.

"Niliitembea, baba."

Nikasikia redio yako kwa nyuma. Ukasema, "Basi sawa."

Hukuniuliza tena habari za reli. Ijumaa zilizofuata tuliongea juu ya mvua na goti la mama. Mwezi wa pili baada ya mkutano presha ikapanda, wakakupeleka hospitali Jumanne, Jumatano Mwikali akapiga. Nilienda kwa msimamizi na simu mkononi. Akasema pole, lakini likizo yangu bado, pasipoti iko ofisi kuu, halas, yaani mazungumzo yamekwisha. Siku ya mazishi Mwikali aliishika simu juu ya kaburi ili nisikie. Nilisikia wanakwaya, kisha nikasikia udongo. Lori likapiga honi langoni. Nikaweka simu kwenye kiti, nikafungua lango, nikaandika namba ya lori, saa, na mzigo. Saruji. Nikatia sahihi. Niliporudi kwenye simu watu walikuwa wanazungumza habari za chakula.

Tangu hapo ndipo nilipo. Kazi ilipozidi kupungua walitupunguza na sisi. Mimi nikapata kafili mpya, bosi anayenidhamini, huku Jeddah, nikawa dereva. Namshukuru Mungu kwa kazi, nasema hivyo kwa mdomo kila Jumapili tunaposali kimya kimya kwenye chumba cha watu. Ndani hakuna kitu kinachojibu.

Madam ameandika: bado nusu saa. Nimetoa klipu.

Nimesoma, baba. Nitanakili kama ulivyoandika, kamati isikie.

Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka wangu wa kwanza: "Picha ya Musyoka imefika. Nyundo ameishika karibu na kichwa. Viatu vimepigwa rangi. Hakuna mtu wa reli mwenye viatu hivyo. Ni soja. Si kitu, anakula. Mama na Mwikali wasiambiwe."

Chini yake: "Nitakuwa namuuliza habari za reli kila Ijumaa. Akiulizwa ataenda kuangalia. Kukaa tu kutamharibu."

Halafu Ijumaa zimefuatana, kila moja na swali lake na jibu langu. Pembeni umeandika neno lile lile kwa mwandiko ule ule. Hajatembea. Hajatembea. Hajatembea. Kuna moja umeandika, "Leo amesema ataangalia. Tungoje." Inayofuata: "Hajatembea."

Na ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa siku ya kuamkia mkutano. "Maduka ya Riyadh. Mimi sijatembea. Musyoka hajatembea. Kamati wameshalichapa kwenye orodha, na nikiliondoa wataniuliza kwa nini, na sababu ni moja tu."

Kisha sahihi yako. Jina zima, na mstari chini.

Nimeitazama muda mrefu. Nimelirudia daftari lote tangu mwanzo nikitafuta nyingine kama hiyo, sahihi chini ya kitu ambacho hukukitembea, na haipo. Uliacha treni nzima ingoje na watu wakakuita mlevi. Kwangu ukasaini. Halafu ukasimama mbele ya watu wakacheka, ukapiga simu ukanipa nafasi niseme, na mimi nikakuambia niliitembea, na ukasema basi sawa.

Nimewasha gari sasa hivi ili niende kumchukua Madam mlangoni. Lilikuwa limeshawaka. Limepiga kelele mbaya, walinzi wa maegesho wamegeuka kunitazama. Nimelizima, nimekaa.

Ngoja nimalize. Wajumbe wa kamati, yanayofuata ni yenu, yaandikeni pale palipo na sahihi ya baba ambayo haikustahili kuwepo.

Riyadh, Malaz, lango la pili. Nimetembea. Maduka ng'ambo ya barabara yalikuwa sita nilipofika. Ua wa ujenzi ulipowekwa, magari yalikosa pa kusimama, vumbi likaingia hadi kwenye mikate, na mwenye bakala, kiduka cha vyakula, niliyekuwa nanunua chai kwake akafunga. Nilipoondoka yalibaki mawili. Hakuna aliyekuwa analipa kitu kwa reli, walikuwa wanalia. Mkitaka landilodi walipe, ngojeni kwanza treni ipite, na wakati wa kuchimba wasaidiwe wasifilisike. Hilo nililiona kila siku kwa macho yangu kutoka kwenye kiti changu, na ndilo baba angelitumia.

La pili. Pesa zilitoka mahali pamoja, kwenye mafuta. Mafuta yaliposhuka bei, nilijua kabla ya magazeti, kwa sababu nilikuwa na daftari la lango. Malori yalikuwa yanajaza ukurasa mzima kwa siku. Yakawa nusu ukurasa. Siku ile baba aliponiuliza nani analipa, malori yalikuwa matatu. Jibu lilikuwa mapajani mwangu, limeandikwa kwa mkono wangu. Reli inayonyonya titi moja husimama likikauka. Kwa hiyo kile alichosema baba, kwamba pesa za matengenezo zitoke pande kadhaa na zifungiwe mahali pake, hakikuhitaji mfano wa uongo. Kilikuwa sahihi. Kisomeni upya, zile kurasa tatu, milango yote aliyoihesabu, na msiseme "kama Riyadh."

La tatu. Kabla sijaondoka, baba akiwa ameshazikwa, nilimsimamisha yule injinia. Nikamuuliza: ikizeeka, nani atalipa? Alicheka, akasema, "Kenya, haijazaliwa bado." Kisha akasema hilo ni swali zuri, na kwamba katika miaka yake yote pale hajasikia mtu akiliuliza. Nikamwambia si langu, ni la baba yangu, ni mtu wa reli. Akasema mpe salamu. Nikasema nitampa.

Basi nimezifikisha.

Madam amepiga. Yalla, Musa, haraka, anasema, mapazia ni mazito. Naenda. Baba, lala salama. Nyumbani nikija, nitaanza pale darajani na nyundo yako, na safari hii nikikuambia nimesikia, nitakuwa nimesikia.

Haya yote nimeyaona mwenyewe, na natia sahihi.

Mwanao Musyoka,
soja wa lango la pili